Miaka Kumi na Tisa ya Herufi M

Nina hasira, na naomba nisiambiwe nitulie. Nimetulia miaka kumi na mmoja. Nimefundisha watoto wa watu, nimepandishwa cheo mara mbili, na kila mkaguzi akifungua faili langu husoma alama niliyopata chuoni kwenye mtihani wa kufundisha, akaniangalia kwa heshima mpya na kusema, "Tisini na mbili, mwalimu. Si mchezo." Mimi hutabasamu kama mtu anayeumwa jino. Leo nitasema alama ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa mama aliyekuwa akifagia madarasa yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Dawati.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kidogo. Wanachuo mia moja na themanini, mabweni mawili, na bwalo moja ambalo lilikuwa pia ukumbi wa mikutano, pia chumba cha mitihani, na Jumamosi jioni pia uwanja wa dansi. Kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukapanga foleni na ndoo zetu bombani tukigombania maji na usingizi bado machoni. Saa moja tulikuwa mstarini, kiranja mkuu akisoma matangazo kana kwamba anatangaza vita. Jumatano mchana vipindi vilisimama na kila mtu akaenda kwenye chama chake: kwaya, mdahalo, maigizo, mpira wa wavu, picha. Mimi nilikuwa mhariri wa gazeti la ukutani, yaani mbao mbili nje ya bwalo tulizozibandika karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Nilijiona mtu mkubwa sana kwa sababu ya zile mbao mbili.

Sasa, kwenye vyuo vya ualimu kuna jambo ambalo watu wa nje wakilisikia hucheka. Kabla hujapelekwa kwa watoto wa kweli, unafundisha wenzako. Watu wazima, wengine na ndevu zao, wanabanana kwenye madawati na kujifanya wana miaka saba. Mmoja analia kaibiwa kalamu, mwingine amelala, mwingine anaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, yote hayo ili kukujaribu. Wewe umesimama mbele na chaki, unawaita "watoto wazuri". Mkufunzi amekaa nyuma na fomu, anakupima sauti, ubao, zana, na namna unavyolidhibiti darasa. Fomu ilisema darasa lisipungue watu kumi na wawili, na kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na wawili pamoja na anayefundisha. Kila siku alipungua mmoja.

Huyo wa kumi na mbili alikuwa Mama Dawati. Mwaka wake wa kwanza wa kazi, mkufunzi mmoja alihesabu vichwa, akakuta vimepungua, akachungulia nje na kumwona mama anafagia korido. Akamwambia, "Wewe njoo, kaa hapo nyuma, jifanye hujui kusoma." Akaegemeza ufagio mlangoni, akakaa. Aliifanya kazi ile vizuri mno. Tangu siku hiyo kila kikundi kilimtaka. Kabla ya kwetu sisi, alikuwa ameshakaa dawati lile la nyuma kwa miaka kumi na tisa.

Na nieleze pia tulifundisha nini, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Somo la mtihani lilikuwa kutambulisha herufi kwa watoto wa darasa la kwanza. Herufi yoyote. Lakini idara ilikuwa na zana kamili za herufi moja tu, M: bango kubwa lenye picha ya mama, maji, meza na mti, na kadi za ma, me, mi, mo, mu zilizochorwa na mtu aliyestaafu zamani. Ukichagua herufi nyingine utachora mwenyewe. Nani achore? Tulirithi bango, tukarithi kadi, tukarithi na andalio la somo, tukalinakili neno kwa neno kutoka kwa waliotutangulia, nao walinakili kutoka kwa waliowatangulia. Hata mzaha wa kuanzia somo ulikuwa ule ule wa mbuzi aliyekuja mlangoni akasema "meee".

Mkufunzi wa mbinu za kufundisha tulimwita Dakika Arobaini, kwa sababu alitembea na saa ya mezani mkononi na ukifika dakika ya arobaini na moja anakukata hata kama mtoto ameshika moto. Alikuwa anampenda Mama Dawati kuliko anavyotupenda sisi. "Mtazameni huyu," alikuwa akitwambia. "Anaanza hajui, anakosea, anasitasita, halafu polepole anaelewa. Nyinyi mnaigiza mtoto kwa kudeka na kunyonya kidole. Huyu anaigiza akili ya mtoto." Mama Dawati anainamisha uso, anacheka kidogo, anachukua ufagio wake.

Muhula wa pili nikaamua kumwandika gazetini. Kichwa cha habari: "Mwigizaji Bora wa Chuo." Nikaenda na kijana wa chama cha picha tumpige akiwa amekaa dawatini, nikampa kitabu akishike. Akakifungua, akakishika juu chini, akakitazama kwa makini kabisa. Tulicheka mpaka yule wa kamera akashindwa kuituliza. Nilisema, "Mama ana kipaji, kaigiza mpaka kwenye picha." Na chini ya picha nikaandika maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko kiapo changu cha ualimu: "Hata kitabu kikisimama kwa kichwa, yeye anakisoma tu." Nilijisifu kwa sentensi ile siku tatu.

Siku ya nne nilimkuta amesimama peke yake mbele ya mbao zile, ufagio kwapani. Wote walikuwa vipindini. Mimi nilikuwa nimetumwa chaki.

"Shikamoo mama. Umejiona?"

"Marahaba mwanangu. Nimejiona. Nimependeza." Akaigusa picha pembeni. "Hebu nisomee wameniandika nini. Miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani kwake kwa uzi mweusi.

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha mwingine, nikamwambia, "Mama na wewe, acha kuigiza, hapa hakuna mkufunzi." Hakucheka. Akatazama picha, akanitazama mimi, na nikaona kwamba hajui kwa nini watu walikuwa wakicheka wakipita pale. Alijua tu kwamba walikuwa wanacheka. Nikaanza kumsomea. Nilisoma mistari miwili, nikafika kwenye kitabu kilichosimama kwa kichwa, nikaacha.

"Soma tu," akasema.

Nikasoma. Alipoelewa, akasema, "Kumbe nilikishika vibaya," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa kifungo cha shati kimekosea tundu. Halafu akaenda kufagia.

Nilibandua karatasi ile siku hiyo hiyo. Jioni nikamfuata kwenye kistoo cha mafagio, chini ya ngazi za bwalo, alikokuwa akiweka ndoo na sabuni na kiti chake kimoja kibovu. Nilikwenda kuomba radhi, akaniacha niombe, halafu akanionyesha ndoo ya kukalia, akanieleza mambo yake bila kujionea huruma.

Alipelekwa shule akiwa na miaka minane. Alikaa wiki tatu. "Tulikuwa tumefika kwenye herufi e," alisema. Mama yake akajifungua mapacha, ikabidi mtu wa kubeba mmoja apatikane, akatolewa yeye. Wale mapacha walisoma wote wawili. Akaolewa na fundi baiskeli, mtu wa utani mwingi, aliyekuwa akimsomea chochote bila kumcheka, naye akafa mapema. Wakabaki yeye na binti mmoja. Binti alipokuwa shule, kila jioni mama alimkalisha akamwambia soma kwa sauti. Akisikia sauti inasita, anamwambia, "Hapo umekosea, rudia." Mtoto alikuwa anashangaa mama anajuaje. Binti yule sasa ni muuguzi, kaolewa mbali, anatuma ujumbe kwenye simu na mama anaupeleka kwa mkutubi, mzee wa maktaba, amsomee. Anamwambia miwani ameisahau. Miwani yenyewe aliinunua kwenye meza ya mitumba ili apate cha kusahau.

"Na hapa chuoni mama? Miaka kumi na tisa?"

"Walisema nijifanye sijui," akasema. "Nikaona hilo nitaliweza."

Alinitajia a, e, i, o, u. Zote alizijua, maana herufi M inakuja na irabu zake. Akachukua kipande cha chaki mfukoni mwa koti la kazi, akaandika kwenye ubavu wa ndoo nyeusi: ma, me, mi, mo, mu. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. "Kila mwaka nasema labda mwaka huu watafika inayofuata," akasema. "Halafu wanakuja wengine, wanaanza na yule mbuzi."

Hebu fikiria. Chuo cha ualimu. Wakufunzi kumi na wanne, wenye vyeti vyao ukutani. Walimu watarajiwa mia na themanini kila mwaka, wote wamekuja kujifunza jambo moja tu, namna ya kumfundisha mtu asiyejua. Mtu asiyejua yuko pale, kakaa dawatini, kanyoosha mkono. Na wote tukampa alama za uigizaji. Sijawahi kukutana na ujinga mkubwa kuliko ule, na ulikuwa ujinga wa watu waliosoma, na mimi nilikuwemo.

Kesho yake nilimwendea Dakika Arobaini ofisini. Nilidhani atashtuka. Alizungusha kalamu, akasema, "Mimi nilishahisi zamani."

"Sasa mwalimu, kwa nini hakufundishwa?"

"Akijua kusoma, tutapata wapi mwingine kama yeye?" Akacheka, aliponiona sicheki akaacha. "Mwache hivyo hivyo, binti. Ana faida kwa chuo. Na wewe mtihani wako unakuja, usijitafutie balaa."

Nilitoka pale. Nilijiapiza kwamba nitamfundisha, na hilo nililifanya, sitajinyima. Kila Jumatano wenzangu walipokwenda kwenye vyama vyao, na kila siku baada ya chakula cha mchana, nilikuwa chini ya ngazi. Kwaya inaimba juu ya vichwa vyetu, mpira unagonga ukuta, sisi tuko kwenye N, tuko kwenye S, tuko kwenye K. Alikuwa na njaa ya maneno. Alisoma makopo ya sabuni, akasoma chupa ya dawa ya choo iliyoandikwa sumu, akaihamisha kutoka karibu na chupa yake ya maji. Akaanza kusoma milango. Siku moja alinijia anacheka mpaka machozi. "Mwalimu, kile chumba cha mashine. Mlangoni kumeandikwa usiingie bila ruhusa. Miaka kumi na tisa naingia bila ruhusa."

Alianza kuniita mwalimu wiki ile. Sio lile la darasani la kuigiza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, yeye hamsini na sita, na kila akiniita hivyo nilinyooka mgongo.

Wiki ya sita ya muhula lilibandikwa tangazo kwenye ubao wenye kioo, nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Anatafutwa mhudumu wa maktaba. Watumishi wa ndani watafikiriwa kwanza. Awe anajua kusoma na kuandika. Usaili ni Alhamisi ya wiki ya tisa, saa nne kamili asubuhi, na atakayekosa hatapewa nafasi nyingine. Yeye ndiye aliyeniambia. Alilisoma mwenyewe, kwa siku mbili, akirudi kukifuta kioo kila baada ya muda ili aendelee na mstari alipoachia.

"Magoti yangu yamekwisha," akaniambia. Alikuwa anasugua sakafu ya bwalo kwa brashi, amepiga magoti, mara mbili kwa wiki. "Kule maktaba ni kupanga vitabu na kukaa mezani. Mkutubi kasema nijaribu. Mimi nataka kiti ambacho nikikaa, nimekaa kweli."

Kuanzia hapo tulisoma kama watu wanaokimbizwa. Nilimpa kurasa za gazeti, nikampa majina ya vitabu ayaandike kwenye vijikaratasi. Mkutubi, ambaye sasa alishaelewa habari ya miwani na hakusema neno, alimwazima kitabu cha hadithi. Wiki ya nane alisoma ujumbe wa binti yake mwenyewe, mbele yangu, kidole kikipita juu ya kioo cha simu. Binti alikuwa anauliza magoti yanaendeleaje. Alichukua nusu saa kumjibu kwa maneno manne, na binti akapiga simu papo hapo akilia, akidhani mama kapatwa na jambo na mtu mwingine ndiye anayeandika.

Ratiba ya mtihani wangu ilipotoka, ilikuwa Alhamisi ile ile, lakini saa mbili na nusu. Nilihesabu: dakika arobaini, saa tatu na dakika kumi tumemaliza, anabakiwa na muda wa kuoga na kupumzika. Nikamwomba akae dawatini kwa mara ya mwisho. Mimi ndiye niliyemwomba. Ningeweza kutafuta mtu wa kumi na mbili bwenini, wa mwaka wa kwanza walikuwa wamejaa tele, lakini yeye aliujua ule mchezo kuliko wote, na nilitaka alama nzuri. Sitazunguka. Nilitaka alama nzuri.

"Nijifanye sijui tena?" akauliza.

"Mara moja tu, mama."

"Haya. Kwa ajili yako."

Alhamisi mtahini wa nje alichelewa. Gari lake lilipasuka gurudumu, alipofika akapewa chai, na chai ya mkuu wa chuo haikuwahi kuwa fupi. Saa tatu na nusu bado tumekaa darasani. Mama Dawati alikuwa nyuma, koti la kazi limefungwa vifungo vyote, lakini shingoni ilionekana kola nyeupe ya gauni lake zuri. Alikuwa amelivaa ndani, tayari. Saa nne kasoro dakika tano mtahini akaingia na Dakika Arobaini, wakavuta viti nyuma.

Mama Dawati akainuka. Akamwambia Dakika Arobaini kwa sauti ya chini kwamba ana usaili saa nne. Nilisikia. Yeye akahesabu vichwa kwa macho, akamjibu, "Kaa, kaa. Dakika arobaini tu. Nitaongea nao." Mama akanitazama mimi. Nilipaswa kusema, mwalimu, mwache aende, nitaleta mwingine. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sauti, ndivyo vitu nilivyokuwa ninapimwa siku ile. Nikamwambia, "Kaa tu mama, watakusubiri." Akakaa.

Nikaanza na mbuzi. Mtahini akacheka. Nikabandika bango, mama, maji, meza, mti. Kila kitu kilikwenda kama maji. Nilimwita Mama Dawati mbele asome kadi ya kwanza, akasita, akakosea, akaitazama kadi ya mo kana kwamba hajawahi kuiona duniani, yeye ambaye jana yake alinisomea ukurasa mzima wa hadithi bila kupumzika. Nikamwelekeza. Akapata. Mtahini akaandika. Nje ya dirisha, ng'ambo ya uwanja, kwenye kibaraza cha ofisi, karani alitoka na karatasi, akaita jina, mtu akaingia. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya Mama Dawati, juu ya kichwa changu. Niliona macho yake yanapanda saani, yanakwenda dirishani, yanarudi kwangu.

Saa nne na robo karani alitoka tena. Aliita, akangoja, akaita.

Mama Dawati akanyoosha mkono. Nikajifanya sikumwona. Akasimama.

"Mwalimu, naomba ruhusa nitoke."

Darasa likacheka kidogo, maana ndio mtego wetu wa siku zote. Mtoto anaomba kutoka katikati ya somo, tuone mwalimu atafanyaje. Mtahini alipenda. Akashika kalamu sawasawa, akaniinulia macho. Dakika Arobaini naye akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, akidhani mama anamsaidia mwanafunzi wake apate alama za nidhamu. Watu kumi na watatu mle chumbani, na wote waliona uigizaji.

Mimi niliona kola nyeupe. Nilijua. Wengine wanaweza kusema hawakujua, mimi siwezi.

"Mtoto mzuri anasubiri kidogo," nikasema, kwa ile sauti tamu tuliyofundishwa. "Tunamalizia."

Alinitazama muda mfupi tu. Halafu akakaa, akaweka mikono miwili juu ya dawati kama nilivyowaelekeza watoto wazuri wakae. Mtahini akaandika kwenye fomu maneno ambayo yamo kwenye faili langu hadi leo: analidhibiti darasa kwa upole na uthabiti. Karani aliita mara ya tatu, akaingia ndani.

Tulimaliza saa nne na dakika thelathini na tano. Mtahini akasimama kutoa maoni, na mtahini akiongea hatoki mtu. Aliongea dakika kumi na mbili. Alisema hajaona maendeleo ya mwanafunzi yaliyo wazi namna ile, kwamba yule mama pale nyuma ameanza hajui kitu na ametoka anasoma, na huo ndio ualimu. Wenzangu wakanipigia makofi. Mama Dawati naye akapiga.

Alivuka uwanja kwa magoti yale, koti mkononi, gauni la bluu limekunjamana mgongoni. Nilimwona kutoka dirishani. Chumba cha usaili kilikuwa kimefungwa, watu wamekwenda kula na mtahini. Mkutubi ndiye aliyebaki kibarazani. Alimwambia walimwita mara tatu, yeye akaomba wangoje, na mkuu wa chuo akasema aliyekosa amekosa. Dakika Arobaini hakuwa ameongea na mtu yeyote.

Nilimkuta chini ya ngazi, anabadilisha viatu. Nilianza kusema, akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwa nini hukuondoka tu?" nikamuuliza. Nilikuwa na ujasiri wa kumuuliza swali hilo.

"Umesema nisubiri," akasema. "Mwalimu akisema subiri, unasubiri."

Yaliyofuata baadaye nitayasema haraka, maana sitaki kumalizia nayo. Niliandika habari nzima, nikaibandika kwenye gazeti la ukutani bila kuacha jina wala cheo cha mtu. Haikumaliza saa moja. Dakika Arobaini aliibandua mwenyewe, na uhariri wangu ukaishia hapo. Nafasi ilikwenda kwa mpwa wa karani. Mwaka uliofuata, mdogo wangu alijiunga na chuo kile kile, akaniandikia kwamba somo la mtihani bado ni M, na kuna mama mmoja fundi kweli wa kuigiza.

Nitamalizia na Ijumaa, siku moja baada ya mtihani. Matokeo ya usaili yalibandikwa kwenye ubao wenye kioo. Nilimkuta amesimama pale, ndoo chini, miwani mfukoni. Hakuigusa. Majina yalikuwa manne, lake la tatu, jina lake kamili, na naona aibu kusema kwamba hapo ndipo nilipolijua kwa mara ya kwanza. Aliweka kidole juu ya kioo. Akasoma la kwanza na maelezo yake: amechaguliwa. Akasoma la pili: hakufaulu. Akashuka kwenye lake, akalisoma lote, majina matatu, bila kusita. Kidole kikaendelea upande wa kulia.

"Ha-ku-fi-ka," akasoma. Akarudia kwa pamoja, kama nilivyomfundisha. "Hakufika."

Akanigeukia.

"Nimesoma sawa, mwalimu?"

Nikamwambia amesoma sawa. Akatoa kitambaa kwenye ndoo, akafuta alama ya kidole chake kwenye kioo, akaenda kusugua bwalo.